Baada ya nukta mbili, herufi kubwa au ndogo?

SWALI

Assalamu alaykum, mwalimu. Nafanya kazi katika nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu, na Kiingereza chote cha nyumba, kuanzia barua pepe mpaka vibao vya ukutani, naandika mimi. Sasa tunatengeneza kipeperushi. Mwenye nyumba ni Mwingereza, na kila akiona herufi kubwa baada ya nukta mbili huifuta. Wiki iliyopita mgeni wetu kutoka Marekani alijitolea kukipitia kipeperushi, akazirudisha herufi zilezile zilizofutwa. Zile nilizoweka baada ya nukta mkato wote wawili wamezikataa. Nani yuko sahihi? Kuna kanuni moja nikaishika? Sentensi zenyewe ni hizi. Ya kwanza: "The boat to Manda leaves early; Please be at the jetty before seven." Ya pili: "We offer three things: Clean rooms, Swahili food and a quiet rooftop." Ya tatu: "Remember one rule: Shoes are left at the door." Na kichwa cha ukurasa wa mbele ni "Shela: A Village Between the Dunes and the Sea".

JIBU

Waalaykumu salaam, mwanangu. Umefanya vizuri kuleta sentensi zenyewe, maana swali hili likiulizwa bila mifano hujibiwa kwa maneno matupu. Hizo zako zimegusa karibu kila upande wa jambo lenyewe. Nitazipitia zote, ila si kwa urefu sawa, kwa kuwa nyingine hazina ubishi na ile ya tatu ndiyo yenye kesi.

Tuanze na nukta mkato, ambapo mwenye nyumba na mgeni wamekubaliana. Wamekubaliana kwa sababu hapo hapana mgogoro. London, New York, Nairobi, popote Kiingereza kinapoandikwa leo, neno linalofuata nukta mkato huanza kwa herufi ndogo. Sentensi yako ya kwanza basi inakuwa hivi: "The boat to Manda leaves early; please be at the jetty before seven."

Sababu yake ni kwamba nukta mkato haimalizi sentensi. Kazi yake ni kuunganisha vishazi viwili ambavyo kila kimoja kingeweza kusimama peke yake, lakini mwandishi ametaka visomwe pamoja kwa kuwa kimoja kinakitegemea kingine kwa maana. Mgeni anaombwa afike gatini mapema kwa nini? Kwa sababu boti huondoka mapema. Uhusiano huo ndio uliokufanya usiweke nukta, na ulikuwa sahihi kabisa. Sasa ukiandika "Please" kwa herufi kubwa unamwambia msomaji kwamba sentensi mpya imeanza, ilhali alama uliyotangulia kuiweka imemwambia kwamba ile ya mwanzo bado haijaisha. Ukiitaka herufi kubwa, weka nukta. Ukiitaka nukta mkato, herufi inabaki ndogo. Njia zote mbili ni Kiingereza kizuri, na katika kibao cha ukutani mimi ningechagua nukta, maana mgeni mwenye begi mkononi husoma upesi zaidi sentensi fupi fupi.

Najua kwa nini watu wengi wanakosea hapa, na si kwa uzembe. Wamekwisha kuona kwa macho yao herufi kubwa zikifuata nukta mkato katika maandishi ya watu wanaojua, wakadhani ndiyo kanuni. Tazama hii: "The manager is away; I will answer your questions." Hiyo "I" ni kubwa, lakini ni kubwa kila mahali, hata katikati ya sentensi, kwa sababu Kiingereza huiandika hivyo nafsi ya kwanza umoja. Nukta mkato haikuhusika. Au hii: "The kitchen closes at nine; Friday lunch is served after prayers." Ijumaa ni jina la siku, na majina ya siku, miezi, watu, miji, lugha na dini hubeba herufi zao kubwa popote yaendapo. Kwa hiyo ukikutana na herufi kubwa baada ya nukta mkato, jiulize: neno hili lingeandikwa hivi hata kama lingekuwa katikati ya sentensi? Karibu mara zote jibu ni ndiyo.

Kuna kundi la maneno linalowaponza hasa wanafunzi waliosoma vizuri. Ni maneno kama "however", "therefore", "for example" na "in fact". Tumezoea kuyaona yakianza sentensi, basi mkono huenda wenyewe kwenye herufi kubwa. Lakini andika "Breakfast is included; however, lunch is not", herufi ndogo, na koma baada ya neno hilo.

Halafu kuna nukta mkato ya orodha, inayotumika pale ambapo vitu vyenyewe vina koma ndani yake. "Our guests come from Milan, Italy; Leeds, England; and Mombasa, Kenya." Bila nukta mkato mtu angedhani Italy na Leeds ni vitu viwili kati ya sita. Angalia neno "and" lililokuja baada ya nukta mkato ya mwisho. Ni dogo. Leeds ni kubwa kwa sababu ni jina la mji, na "and" ni dogo kwa sababu si jina la chochote.

Ukitaka ushahidi wa hapa nyumbani, fungua Katiba ya Kenya ya 2010, nakala ya Kiingereza, kifungu cha 7, kinachozungumzia lugha. Ibara ya 3 inasema Serikali itafanya mambo mawili, na la kwanza linaisha hivi: "promote and protect the diversity of language of the people of Kenya; and". Chini yake, kwenye mstari wake wenyewe na herufi (b) mbele yake, la pili linaanza tena na "promote", kwa p ndogo. Wanasheria walioandika hati kubwa kuliko zote nchini waliiheshimu nukta mkato hata pale walipovunja mstari.

Ila rudi kwenye dibaji ya Katiba hiyohiyo nawe utaona jambo linaloonekana kupingana na haya yote. Karibu kila aya ya dibaji inaisha kwa nukta mbili, na aya inayofuata inaanza kwa neno lililoandikwa lote kwa herufi kubwa: ACKNOWLEDGING, HONOURING, PROUD, na kuendelea. Maazimio ya Umoja wa Mataifa nayo yana desturi yake. Kila aya ya utekelezaji huisha kwa nukta mkato, na inayofuata, yenye nambari yake, huanza kwa kitenzi chenye herufi kubwa. Biblia ya Kiingereza ya 1611 huanza kila mstari wenye nambari kwa herufi kubwa, hata kama mstari uliotangulia umeishia kwenye nukta mkato au koma tu. Mashairi ya Kiingereza ya zamani, ya Shakespeare yakiwemo, yana herufi kubwa mwanzoni mwa kila mshororo bila kujali mshororo wa juu umeishaje.

Katika mifano hiyo yote herufi kubwa imeletwa na mwanzo wa mstari au wa aya, wala si na alama iliyotangulia. Ni desturi ya mpangilio wa ukurasa. Na ndiyo maana huwezi kuichukua ukaiingiza ndani ya aya ya kawaida ya kipeperushi, ambamo maneno yanakwenda mfululizo.

Hapo hapo nikuonye kuhusu kompyuta. Programu nyingi za kuandikia, na simu vilevile, hubadilisha zenyewe herufi ya kwanza ya kila mstari mpya kuwa kubwa. Ukipanga huduma zenu moja chini ya nyingine, utakuta zimepewa herufi kubwa bila wewe kuamua. Katika orodha ya namna hiyo si kosa. Orodha ya kwenda chini inaweza kuanza kwa herufi kubwa au ndogo, mradi vitu vyote vifanane. Kinachochukiza ni kuona viwili vikubwa na vitatu vidogo kwa sababu mashine ilisahihisha vingine na vingine haikuviona.

Sasa nukta mbili.

Umeuliza kama kuna kanuni moja. Hakuna, na ni vyema kujua kwa nini, ili usidhani mmoja kati ya hao wawili hakusoma. Kifaransa kina Akademia yake tangu 1635. Kiswahili, upande wa Tanzania, kina BAKITA tangu 1967. Kiingereza hakijawahi kuwa na baraza kama hilo. Mambo ya nukta na herufi yaliachwa mikononi mwa wachapaji, kila chapa na kanuni zake, na kanuni hizo zikawa vitabu vya miongozo. Horace Hart aliwaandikia wapangaji herufi wa chapa ya Chuo Kikuu cha Oxford kanuni zao mwaka 1893, na mpaka leo mwongozo wa Oxford unatokana na kazi yake. Upande wa pili wa bahari, chapa ya Chuo Kikuu cha Chicago ilitoa wake mwaka 1906. Mashirika ya habari yakatunga yao, vyama vya wasomi vikatunga vyao.

Sisi watu wa pwani hii tunapaswa kulielewa jambo hilo upesi, kwa sababu tenzi za kale za Lamu na Pate ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo hazina kabisa herufi kubwa na ndogo. Mshairi alionyesha mwisho wa kipande kwa namna nyingine, na msomaji hakupotea. Herufi kubwa ni desturi ya hati za Kilatini, na hata huko haikutulia mara moja. Katika Kiingereza cha karne ya 18 waandishi wengi walizipa nomino za kawaida herufi kubwa, na ukisoma Katiba ya Marekani ya 1787 utaona zimejaa. Nukta mkato yenyewe ilichongwa Venice katika miaka ya 1490, kwenye karakana ya mchapaji Aldus Manutius. Ni muongo uleule ambao Vasco da Gama alitia nanga Malindi, mwaka 1498. Waliofuata waliirithi alama, wakaipangia matumizi kadiri walivyoona inafaa.

Basi mwongozo wa Oxford unasema hivi, na ndivyo Waingereza walivyofundishwa: baada ya nukta mbili, herufi ndogo, isipokuwa neno ni jina maalumu. Kwao haijalishi kinachofuata ni neno moja, orodha au sentensi kamili. Hoja yao ni ileile tuliyoitoa juu ya nukta mkato. Nukta mbili haimalizi sentensi, inaahidi tu kwamba jambo lililotajwa linakuja, na likija linakuwa bado ndani ya sentensi ileile.

Wamarekani wengi wanaliuliza swali moja zaidi kabla ya kuamua: kinachofuata ni sentensi kamili? Kama si kamili, herufi ndogo, sawa na Waingereza. Kama ni kamili, herufi kubwa. Ndivyo wanavyosema waandishi wa habari wanaofuata mwongozo wa Associated Press, na ndivyo inavyotaka APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambacho kanuni zake hutumika katika vyuo vingi. Hoja yao nayo ina nguvu. Sentensi kamili ina kiima chake na kiarifa chake, basi ipewe alama ya mwanzo wake, ili jicho la msomaji lijue kwamba linaingia katika wazo zima wala si katika orodha.

Chicago walikuwa katikati kwa miaka mingi. Waliandika herufi ndogo kama nukta mbili imetangulia sentensi moja tu, na kubwa kama imetangulia sentensi mbili au zaidi zinazokwenda pamoja. Lakini katika toleo la 18, la mwaka 2024, wamehama. Sasa nao wanataka herufi kubwa kwa sentensi kamili, hata ikiwa moja. Ukikutana na mhariri Mmarekani aliyezoea toleo la zamani na mwingine mwenye jipya, watabishana wao kwa wao. Nao MLA, chama cha walimu wa lugha na fasihi cha Marekani, kwa kawaida huweka herufi ndogo, ila hutoa ruhusa pale ambapo sentensi inayofuata ni kanuni au amri ya jumla.

Tuzirudie sentensi zako kwa macho hayo. Ya pili kwanza: "We offer three things: Clean rooms, Swahili food and a quiet rooftop." Hapa mgeni wenu amekwenda mbali kuliko hata miongozo ya kwao. "Clean rooms, Swahili food and a quiet rooftop" si sentensi. Hamna kitenzi ndani yake, ni majina ya vitu vitatu. Kwa hiyo Oxford, Chicago, APA na Associated Press wote wangeandika "clean" kwa herufi ndogo. Mwenye nyumba ameshinda hapo bila mpinzani. "Swahili" inabaki na herufi yake kubwa, bila shaka.

Nawe nikupongeze kwa jambo moja ambalo pengine hukulikusudia. Kabla ya nukta mbili umeandika sentensi iliyokamilika, "We offer three things". Wengi huandika "We offer: clean rooms, Swahili food and a quiet rooftop", na hiyo nukta mbili imekitenganisha kitenzi na yambwa yake bila sababu. Ukitaka kuandika hivyo, iondoe alama kabisa: "We offer clean rooms, Swahili food and a quiet rooftop." Mimi nikihariri vipeperushi vya mahoteli, kosa hili nalikuta mara nyingi kuliko la herufi kubwa, na linanikera zaidi, kwa sababu herufi ni suala la desturi lakini hili linagusa muundo wa sentensi.

Ya tatu ndiyo penye njia panda: "Remember one rule: Shoes are left at the door." Kinachofuata nukta mbili ni sentensi kamili. "Shoes" ni kiima, "are left" ni kitenzi, na mtu angeweza kuibandika mlangoni peke yake ikaeleweka. Mwingereza ataandika "shoes". Mwandishi wa Associated Press ataandika "Shoes". APA, "Shoes". Chicago ya kabla ya 2024, "shoes". Ya sasa, "Shoes". MLA nao, kwa kuwa hii ni kanuni ya nyumba, wangekuruhusu "Shoes". Kwa hiyo hao wawili wote wako sahihi, kila mmoja kwa mujibu wa alikosoma, na hakuna hata mmoja mwenye haki ya kumwambia mwenzake kwamba hajui Kiingereza.

Hapo utaniuliza wewe uandike ipi. Andika ndogo. Nasema hivyo bila kusita, na si kwa sababu mwenye nyumba ndiye anayelipa mishahara. Kiingereza cha shule za Kenya kimefuata cha Uingereza tangu zamani, na bila shaka katika kipeperushi hichohicho umeandika "colour" yenye u na "centre" inayoishia na re. Ukichanganya tahajia ya Uingereza na herufi kubwa za Kimarekani, msomaji makini atahisi kwamba maandishi yamepitia mikono miwili isiyozungumza. Na njia ya Waingereza ina faida nyingine kwa mtu mwenye kazi nyingi: haikutaki upime kama kinachofuata ni sentensi kamili au la.

Maana kupima kwenyewe kuna mitego. Chukua "One request: bring a hat." Je, "bring a hat" ni sentensi kamili? Ni kamili, kwa sababu ni amri, na amri ya Kiingereza huficha kiima chake. Anayefuata njia ya Wamarekani ingempasa aandike "Bring". Lakini "One request: a hat for the boat trip" si kamili, naye angeandika "a". Mtu anayeandika barua pepe kumi kabla ya adhuhuri atajikwaa tu.

Kuna mahali ambapo hata kwa njia ya Waingereza herufi kubwa inaruhusiwa au inatakiwa baada ya nukta mbili, na hapa uwe macho usije ukafuta kila kitu.

La kwanza ni maneno ya mtu yaliyonukuliwa yakiwa sentensi kamili. "The captain told us: 'Nobody stands while the sail is going up.'" Hiyo "Nobody" ni kubwa kwa sababu nukuu yenyewe ni sentensi yenye mwanzo wake, na alama za usemi zinaulinda mwanzo huo. Lakini ukinukuu kipande tu, kikaingia katika sentensi yako, hakuna nukta mbili wala herufi kubwa: The captain told us that nobody stands "while the sail is going up". Hili litakufaa mtakapoweka maoni ya wageni kwenye kipeperushi. Mgeni akiandika kwa njia ya Wamarekani, na maneno yake yamo ndani ya alama za usemi, yaache yalivyo. Kanuni za nyumba yenu haziingii ndani ya nukuu.

La pili ni vibao vyenye neno la tahadhari mbele, kama "Warning: Deep water" au "Note: The gate is locked at midnight". Hapo neno la kwanza na nukta mbili si sehemu ya sentensi inayofuata. Ni lebo tu, na waandishi wengi huanza upya kwa herufi kubwa. Wengine huweka ndogo, na hawakosei. Kwenye vibao mimi napenda kubwa, kwa kuwa kibao husomwa kwa mbali.

La tatu ni kichwa. Hapa ndipo kipeperushi chako kiko sawa kabisa, na kama mwenye nyumba ameifuta "A" ya "A Village", mwombe kwa adabu airudishe. Katika vichwa vya Kiingereza vinavyoandikwa kwa herufi kubwa kila neno muhimu, maneno madogo kama "a", "the" na "and" huachwa madogo, isipokuwa yakiwa mwanzo wa kichwa au mwanzo wa kichwa kidogo kinachofuata nukta mbili. "A" yako iko mwanzo wa kichwa kidogo, kwa hiyo ni kubwa. "The" ya "the Dunes" na ya "the Sea" ziko ndani, basi ni ndogo, kama ulivyoziandika. Hata APA, ambao katika orodha ya vitabu huandika vichwa kwa herufi ndogo karibu vyote, hulipa herufi kubwa neno la kwanza baada ya nukta mbili. Wanaokwenda kinyume ni wakutubi: kwenye katalogi za maktaba kichwa kidogo huanza kwa herufi ndogo, na nukta mbili huwa na nafasi kabla na baada yake. Hiyo ni desturi ya katalogi, usiiige.

Salamu za barua nazo hazina shida. Mmarekani anayeandika barua rasmi huweka nukta mbili baada ya "Dear Sir or Madam", Mwingereza huweka koma. Wote wawili huanza mstari unaofuata kwa herufi kubwa. Wageni wenu Waitaliano, ambao sisi huku Malindi tunaandikiana nao kila siku, mara nyingi huanza mstari huo kwa herufi ndogo hata wanapoandika Kiingereza, kwa kuwa kwao koma ya salamu haikati sentensi. Usiwaige katika majibu yako.

Na saa: "7:30" ya Wamarekani au "7.30" ambayo Waingereza wengi bado wanaiandika, chagua moja ukae nayo. Hapo hamna herufi ya kubishania.

Kwa hiyo sentensi zako tatu zichapishwe hivi: "The boat to Manda leaves early; please be at the jetty before seven." "We offer three things: clean rooms, Swahili food and a quiet rooftop." "Remember one rule: shoes are left at the door." Kichwa kibaki kama kilivyo.

Nikushauri pia ukae na mwenye nyumba mwandike karatasi moja ya kanuni zenu, mambo haya na mengine yanayowasumbua, kama tahajia ya majina ya vyakula na ya visiwa, ili atakayeshika kazi baada yako au utakapokuwa likizo aikute. Iseme kwa ufupi: herufi ndogo baada ya nukta mkato, bila ubaguzi ila kwa majina na "I"; herufi ndogo baada ya nukta mbili, ila kwa majina, nukuu, vibao na vichwa. Ikitokea siku moja umejiunga na chuo kinachotaka APA, utaandika kazi za chuo kwa herufi kubwa baada ya nukta mbili pale panapofuata sentensi kamili, na barua za Shela utaendelea kuziandika kama kawaida.

Kabla ya kupeleka kipeperushi kwa mchapaji, fungua sehemu ya kutafuta kwenye kompyuta, uandike nukta mkato peke yake, na uende ukisimama kwenye kila moja. Kisha fanya vivyo hivyo kwa nukta mbili. Katika kipeperushi cha kurasa chache hazitakuwa nyingi. Kwenye kila nukta mkato soma upande wa kushoto na wa kulia kwa sauti: kila upande ukijitosheleza, alama iko mahali pake, na unachobakia kuangalia ni herufi. Upande mmoja ukining'inia, kama katika "Our rooms face the sea; with a rooftop for breakfast", tatizo si herufi tena. Hapo weka koma, na "with" iendelee kuwa ndogo.